Opsheni za wafanyakazi: je, nimeibiwa asilimia 12 ya hisa zangu?

"Nina hisa 2,000 za kampuni ya kutengeneza programu iliyoorodheshwa kwenye soko la hisa. Nilizinunua miaka minne iliyopita. Wakati ule kampuni ilikuwa na hisa milioni 86. Leo zimefika milioni 100. Faida imepanda kutoka dola milioni 150 hadi milioni 210, nami nikafurahi, mpaka nilipoona kwamba faida kwa kila hisa imepanda nusu tu ya hapo. Kwenye taarifa ya mwaka kuna ukurasa unaosema wafanyakazi wana opsheni za kununua hisa milioni 12 kwa bei ya wastani ya dola 20, na kwamba hisa nyingine milioni 6 zimetengwa kwa ajili yao. Sokoni hisa moja ni dola 50. Rafiki yangu anasema nimeshaibiwa asilimia 12 ya mali yangu. Dalali wangu anasema nisihangaike: opsheni ni jambo la kwenye makaratasi tu, halitoi hata senti moja katika kampuni, na isitoshe kampuni inanunua hisa zake sokoni kila mwaka. Nani anasema kweli? Niuze?"

Umesoma ukurasa ambao wanahisa wengi huuruka. Tena hesabu uliyoifanya mwenyewe, ya kuweka faida ya kampuni upande mmoja na faida kwa kila hisa upande wa pili, ndiyo hasa ya kuanzia. Nikiliweka swali lako kwa maneno yangu, unauliza hivi: kampuni inakua kwa ajili yangu, au inakua huku kipande changu kikimegwa kidogo kidogo na kupewa wengine? Wasiwasi huo una msingi. Rafiki yako ameona jambo la kweli, ila amelipigia hesabu isiyo sahihi. Dalali wako ameona nusu ya jambo, na nusu aliyoiacha ndiyo inayokugharimu.

Tuanze na kitu chenyewe. Opsheni ni haki anayopewa mfanyakazi ya kununua hisa za kampuni siku za mbele kwa bei iliyofungwa leo. Kwa kawaida bei hiyo ni ile ya soko ya siku anayopewa haki. Haki haiwi yake yote mara moja. Hukomaa kwa awamu, mara nyingi kwa miaka minne, na asipoitumia hufa baada ya muda, mara nyingi miaka kumi. Hisa ikipanda, mfanyakazi analipa bei ya zamani na kupokea kitu chenye thamani ya bei mpya. Isipopanda, anaiacha haki ife na hapotezi chochote. Jambo la kushika hapa ni kwamba hisa anayopewa hainunuliwi kutoka kwa mwanahisa mwingine. Kampuni inaitoa mpya. Jana hisa zilikuwa milioni 100, kesho ni zaidi, na wewe bado una zako 2,000.

Huko ndiko kunakoitwa kuzimuliwa. Neno lenyewe linatisha, kwa kuwa linatukumbusha kinywaji kilichotiwa maji hadi kikapoteza ladha. Lakini hapa anayeongeza maji analeta na kitu mkononi: analipa bei ya opsheni. Rafiki yako amelisahau hilo, na ndiyo sababu hesabu yake imezidi.

Chukulia kampuni nzima, kabla ya kugusa opsheni, ina thamani ya dola bilioni 5, yaani hisa milioni 100 mara dola 50. Wafanyakazi wote wanatumia haki zao siku moja. Wanalipa milioni 12 mara dola 20, yaani dola milioni 240, na fedha hizo zinaingia katika kampuni. Sasa kampuni ina thamani ya bilioni 5 na milioni 240, imegawanywa kwa hisa milioni 112. Kila hisa inatoka na dola 46.79 hivi. Hisa zako 2,000, zilizokuwa dola 100,000, sasa ni dola 93,571. Umepoteza dola 6,429, ambayo ni asilimia 6.4. Hasara ipo, lakini ni karibu nusu ya ile uliyoambiwa.

Hata kwa kuhesabu hisa peke yake, bila kuangalia fedha wanazolipa, asilimia 12 si sahihi. Hisa milioni 12 mpya juu ya milioni 100 zinawapa wafanyakazi 12 katika kila 112, yaani asilimia 10.7. Na zile milioni 6 zilizotengwa hazijapewa mtu yeyote. Ni ruhusa ambayo bodi inayo ya kutoa opsheni siku zijazo. Zichukulie kama onyo la njia tunakoelekea. Usizihesabu kama deni lililokwisha kuiva.

Sasa fuatilia zile fedha ulizopoteza. Kila hisa ya zamani imepungukiwa na dola 3.21, na zilikuwa milioni 100, kwa hiyo wanahisa wa zamani wameachia kama dola milioni 321. Kwa upande wa pili, kila mfanyakazi amelipa dola 20 kwa kitu chenye thamani ya 46.79, amepata 26.79, mara hisa milioni 12: dola milioni 321 zilezile. Hakuna kilichoungua wala kilichopotea njiani. Mali imehama kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, senti kwa senti.

Je, huo ni wizi? Mimi nakataa neno hilo, na nakushauri uliache. Watu hawa wamefanya kazi. Pengine wamekubali mshahara mdogo kuliko ambao wangeupata kwingine, kwa matumaini kwamba hisa itapanda. Kama kampuni ingewalipa fedha taslimu, fedha hizo pia zingetoka kwako, kupitia faida ndogo. Opsheni ni mshahara. Tofauti ni kwamba mshahara wa kawaida unatoka kwenye sanduku la kampuni, na huu unatoka moja kwa moja kwenye kipande chako, bila wewe kutia sahihi hundi yoyote. Kwa hiyo swali la haki ni lile ambalo mwajiri yeyote hujiuliza kuhusu mshahara: fedha hizi zimenunua nini? Katika mfano wetu, ili hisa yako irudi dola 50 baada ya opsheni zote kutumika, thamani ya kampuni lazima iwe dola bilioni 5.36 badala ya 5. Kama watu hawa, kwa sababu wana opsheni, wameifanya kampuni iwe na thamani zaidi kwa asilimia 7.2 kuliko ambavyo ingekuwa bila wao, basi hujapoteza. Wakizidisha hapo, umepata. Hakuna fomula itakayokupa jibu hilo kwa uhakika, lakini kuna alama za kulikaribia, nami nitafika huko.

Kwanza tumsikilize dalali. Anaposema opsheni ni za kwenye makaratasi, anarudia hoja iliyowahi kuwa na nguvu kubwa. Nchini Marekani, kwa miongo kadhaa, kanuni za uhasibu ziliruhusu opsheni iliyotolewa kwa bei ya soko ya siku hiyo iandikwe kama gharama ya sifuri. Mwaka 1993 bodi inayoweka viwango vya uhasibu nchini humo, FASB, ilipendekeza kampuni ziandike thamani ya opsheni kama gharama. Kampuni zikapinga kwa nguvu, na mwaka 1994 Seneti ikapiga kura 88 kwa 9 kuunga mkono azimio la kulipinga pendekezo hilo. Bodi ikarudi nyuma, na kiwango cha mwaka 1995 kikaruhusu kampuni ziweke gharama hiyo kwenye maelezo ya chini tu badala ya kuitoa kwenye faida. Ni baada ya kashfa za hesabu za mwanzoni mwa miaka ya 2000 ndipo upepo ulipogeuka. Kiwango cha kimataifa, IFRS 2, kilitolewa mwaka 2004 na kuanza kutumika Januari 2005. FASB nayo ikatoa chake Desemba 2004. Tangu hapo, kampuni inayofuata kanuni hizi inalazimika kukadiria thamani ya opsheni siku inayoitoa na kuipunguza kwenye faida katika kipindi cha kukomaa kwake.

Inakadiriaje, wakati siku hiyo bei ya opsheni na bei ya soko ni sawa na mtu akiitumia palepale hapati kitu? Hapa ndipo watu wengi hukwama. Wanasema, kama bei ni ya soko, mwanahisa hajatoa kitu. Lakini jiulize: ungelipa kiasi gani kuwa na haki ya kusubiri miaka kumi, ukipokea ongezeko lote la hisa, bila kuhatarisha hata senti moja ikishuka? Haki hiyo ina bei, na bei hiyo inaweza kukadiriwa. Hesabu inayotumiwa zaidi ni ile ya wanauchumi Black na Scholes, iliyochapishwa mwaka 1973. Kadiri hisa inavyoyumba na kadiri muda unavyokuwa mrefu, ndivyo haki inavyokuwa ghali. Siku opsheni inatolewa, wewe umempa mtu ongezeko la kesho na kubaki na maporomoko yote. Hicho ndicho kilichotoka mfukoni mwako, ingawa sandukuni hakikutoka kitu.

Kuna jambo moja hapa ambalo hata wanaosoma hesabu kila siku hulisahau. Gharama inayoandikwa ni ile iliyokadiriwa siku ya kutoa, na hisa ikipanda baadaye haibadilishwi. Tuseme kila opsheni ilikadiriwa kuwa dola 8. Vitabu vitaonyesha gharama ya dola milioni 96, iliyosambazwa kwa miaka kadhaa, ilhali mali iliyohama mwishoni, kama tulivyoona, ni milioni 321. Kinyume chake pia hutokea: hisa ikishuka, opsheni zinakufa bila kutumika, na gharama iliyokwisha kuandikwa inabaki palepale. Kwa hiyo usitegemee mstari huo wa gharama ukueleze ni kiasi gani umezimuliwa. Unakueleza kampuni ilidhani ilikuwa inalipa kiasi gani siku ilipolipa.

Cha kukuonyesha kuzimuliwa kwenyewe ni mstari mwingine. Kwenye taarifa ya mapato utakuta faida kwa kila hisa imeandikwa mara mbili, ya kawaida na iliyozimuliwa. Ya kampuni yako ya kawaida ni dola 2.10, milioni 210 kwa hisa milioni 100. Iliyozimuliwa hupatikana kwa kudhani kwamba opsheni zote zenye faida zimetumika, na kwamba fedha zilizolipwa, zile milioni 240, zimetumika kununua hisa sokoni kwa bei ya wastani ya kipindi hicho. Kwa dola 50 zitanunuliwa hisa milioni 4.8. Kwa hiyo hisa mpya za kweli ni milioni 12 ukitoa 4.8, yaani 7.2, na faida kwa kila hisa inashuka hadi dola 1.96 hivi. Pengo kati ya 2.10 na 1.96 ni asilimia 6.7, na linakaribiana sana na hasara tuliyoikokotoa mwanzo. Ukiwa na dakika mbili tu za kuitazama kampuni yoyote, tazama pengo hilo.

Lakini lina matundu. Opsheni ambayo bei yake iko juu ya bei ya soko haihesabiwi kabisa, hata kama imebakiza miaka minane na hisa inaweza kupanda kesho. Opsheni ambazo hazijakomaa huhesabiwa kwa namna inayozipunguza zaidi, kwa sababu kanuni inaruhusu kudhani kwamba kazi ambayo mfanyakazi bado hajaifanya nayo ni sehemu ya malipo yaliyoingia. Zile milioni 6 zilizotengwa hazimo. Na tundu kubwa kuliko yote ni la kampuni inayopata hasara. Huko hisa zaidi zingefanya hasara kwa kila hisa ionekane ndogo, kwa hiyo kanuni inasema opsheni zisihesabiwe. Mistari miwili inatoka sawasawa, na msomaji anaondoka akidhani hakuna kuzimuliwa kokote. Nimeona watu makini wakinaswa na jambo hili. Kampuni changa isiyo na faida ndiyo mara nyingi inayogawa opsheni kwa mikono miwili, na ndiyo ambayo mstari huu hausemi lolote juu yake. Ukikutana nayo, nenda kwenye maelezo ya hesabu, jumlisha opsheni zote zilizotolewa, gawanya kwa hisa zilizopo, na uichukue namba hiyo jinsi ilivyo.

Sasa tuje kwenye faraja ya pili ya dalali, kwamba kampuni inanunua hisa zake. Nataka tukae hapa kidogo, maana hapa ndipo wanahisa wengi wanapolala usingizi. Rudi kwenye mfano wetu. Wafanyakazi wamelipa milioni 240, hisa ni milioni 112. Uongozi unasema hautaki mwanahisa azimuliwe, kwa hiyo unanunua hisa milioni 12 sokoni kwa dola 50. Hiyo ni dola milioni 600. Ukitoa zile 240 zilizoingia, zimetoka milioni 360, zaidi ya faida yote ya mwaka mzima. Hisa zimerudi milioni 100, asilimia yako ya umiliki iko vilevile kama mwanzo, na taarifa itajivunia hilo. Lakini kampuni sasa ina thamani ya dola bilioni 4.64, na ukigawanya kwa milioni 100 unapata dola 46.40. Hisa zako 2,000 ni dola 92,800. Hujazimuliwa hata kidogo, na una mali pungufu kuliko ulipozimuliwa. Kwa nini imekuwa mbaya zaidi? Kwa sababu kampuni ilinunua kwa 50 kitu ambacho baada ya opsheni kilikuwa na thamani ya 46.79. Kama ingenunua chini ya thamani hiyo, ungepata nafuu kidogo. Kununua hisa kwa bei nzuri ni matumizi mazuri ya fedha, nami nayaunga mkono. Kununua kwa bei yoyote ile, mradi idadi isipande, ni kulipa mshahara kwa fedha taslimu kupitia mlango wa nyuma.

Ni mlango wa nyuma kweli, kwa sababu ya jinsi mtiririko wa fedha unavyoandikwa. Gharama ya opsheni hurudishwa juu kwenye sehemu ya shughuli za uendeshaji, kwa kuwa hakuna taslimu iliyotoka. Ununuzi wa hisa uliofanywa kuziba pengo lilelile huandikwa chini, kwenye shughuli za kifedha. Anayesoma sehemu ya kwanza peke yake anaona kampuni inayozalisha fedha nyingi, na hajui kwamba sehemu ya fedha hizo haiwezi kumfikia yeye kamwe. Ushauri wangu: toa ununuzi wa hisa, baada ya kuondoa fedha zilizoingia kutoka kwa wafanyakazi, katika fedha za uendeshaji, kwa kiasi kile kilichotumika kuzuia idadi ya hisa isipande. Kinachobaki ndicho unachoweza kukiita chako. Kampuni ikikupa "faida iliyorekebishwa" ambayo imeondoa malipo ya hisa kwa wafanyakazi, rudishia gharama hiyo mwenyewe kabla hujafikiri lolote. Mshahara ni mshahara.

Na katika kampuni yako kuna jambo linalonitia wasiwasi zaidi ya zile opsheni milioni 12. Unasema inanunua hisa zake kila mwaka, na bado zimetoka milioni 86 hadi 100. Maana yake zilizotolewa ni nyingi kuliko ongezeko hilo la milioni 14. Ununuzi haukutosha hata kuziba pengo. Hata hivyo usiwatupie wafanyakazi lawama yote kabla hujathibitisha. Hisa mpya hutolewa pia kununua kampuni nyingine, au kuuzwa ili kuongeza mtaji, na hapo hukumu ni tofauti kabisa. Fungua taarifa ya mabadiliko ya mtaji wa wanahisa ya kila mwaka kati ya ile minne. Utakuta imeandikwa hisa ngapi zimetoka kwa sababu gani. Ni kazi ya nusu saa, na ndiyo nusu saa yenye thamani kubwa kuliko zote katika jambo hili.

Ukikuta kwamba sehemu kubwa imekwenda kwa wafanyakazi, una jibu ambalo rafiki yako hakulifikia. Hisa zimeongezeka kwa asilimia 3.8 hivi kwa mwaka. Faida ya kampuni imekua kwa asilimia 8.8 kwa mwaka, yako kwa kila hisa kwa asilimia 4.8. Kasi hiyo ikiendelea miaka kumi, kipande chako kitakuwa kimepungua kwa asilimia 31. Kampuni inayoongeza hisa kwa asilimia 1 kwa mwaka, katika muda huohuo, ingekupunguzia chini ya asilimia 10. Kuzimuliwa kwa mara moja, hata kwa asilimia 6, kunavumilika. Kunakoumiza ni kule kunakorudi kila mwaka bila kelele. Kwa kampuni kubwa iliyokwisha kukomaa, mimi huanza kuuliza maswali idadi ya hisa inapopanda zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka kwa ajili ya malipo ya watu wake. Kwa changa inayokua haraka huvumilia zaidi, mradi faida au mapato kwa kila hisa yanapanda kweli. Hicho ni kipimo changu. Usikichukue kama sheria.

Huenda pia taarifa ikasema kampuni imepunguza opsheni na sasa inatoa hisa zenyewe, zinazokabidhiwa baada ya muda wa kukomaa. Microsoft ilifanya hivyo mwaka 2003, na nyingi zikafuata. Hapo mfanyakazi halipi chochote, kwa hiyo kila hisa inakuzimua yote, lakini kwa kawaida hutolewa chache zaidi. Mara nyingi kampuni hubaki na baadhi ya hisa hizo na kulipa kodi ya mfanyakazi kwa taslimu. Hisa mpya zinapungua, fedha zinatoka. Ziangalie zote mbili.

Basi, uuze? Kama sababu ni zile opsheni milioni 12, ningesema hapana. Taarifa iko hadharani, wanunuzi wakubwa wameshaipigia hesabu, na bei ya dola 50 huenda imekwisha kuibeba hasara hiyo. Usitarajie kwamba dola 6,429 zitakatwa siku fulani kwenye akaunti yako; ukiuza leo unaiacha pale ilipo. Kinachostahili uamuzi ni opsheni ambazo hazijatolewa bado. Hapo tazama mambo mawili matatu. Je, mpango una kipengele kinachojaza upya hazina ya hisa za wafanyakazi kila mwaka bila kuomba kura yako? Bodi imewahi kushusha bei ya opsheni za zamani baada ya hisa kuporomoka? Hilo ndilo ningelichukulia kwa uzito zaidi, kwa sababu wewe hakuna atakayekushushia bei uliyonunulia. Na opsheni ziko mikononi mwa nani, wahandisi na wauzaji mia kadhaa, au wakuu watano? Jibu la swali hili la mwisho huwa kwenye ripoti ya malipo ya wakurugenzi.

Kabla ya kuuza una pia kura. Masoko makubwa ya New York, NYSE na Nasdaq, tangu mwaka 2003 yanataka mipango ya malipo ya hisa, na mabadiliko yake makubwa ikiwemo kushusha bei za opsheni, yaidhinishwe na wanahisa, ukiacha hali chache maalumu. Masoko mengine yana kanuni zao. Hisa 2,000 hazitageuza matokeo, lakini mkutano mkuu wa mwaka unakupa nafasi ya kuuliza kwa sauti, mbele ya wengine, ni sehemu gani ya fedha za kununua hisa imetumika kuziba pengo la opsheni. Bodi iliyojiandaa hulijibu kwa namba. Ukijibiwa kwa maneno matupu, nalo ni jibu.

Wapo ambao hawapaswi kumaliza jambo hili kwa kusoma tu. Kama hisa hizi ni sehemu kubwa ya akiba yako, au kuziuza kutakutoza kodi, kaa na mshauri wa uwekezaji mwenye leseni, asiyelipwa kamisheni kwa kukuuzia kitu, mwende na taarifa za miaka minne mezani. Kama wewe mwenyewe ni mfanyakazi wa kampuni hiyo na una opsheni, tafuta mtaalamu wa kodi kabla ya kuzitumia, kwa sababu nchi nyingi hutoza kodi siku ya kuzitumia hata kama hujauza hisa. Na msomaji mwingine mwenye hisa za kampuni isiyoorodheshwa asitumie hesabu zangu zilivyo: huko bei ya soko haipo, hazina ya opsheni mara nyingi hupanuliwa kabla ya mwekezaji mpya kuingia ili mzigo uwaangukie waliokuwemo, na kinga pekee ni mkataba wa wanahisa. Huo usomwe na mwanasheria kabla ya sahihi yako.

Kwako wewe, anza na zile taarifa nne za mabadiliko ya mtaji. Ukishajua zile hisa milioni 14 zilikwenda wapi, mpigie dalali wako umuulize swali moja: katika fedha zilizonunua hisa kwa miaka hiyo minne, ni ngapi zilipunguza idadi ya hisa, na ni ngapi zilizuia tu isipande zaidi?